Kanada: Bakteria wa baharini, manganisi na jeni isiyotosha kuwa ushahidi

Katika ghuba nyembamba ya Saanich, kwenye kisiwa cha Vancouver magharibi mwa Kanada, alipatikana bakteria aliyewaachia wanasayansi swali gumu: je, kiumbe hai aweza kujipatia riziki kutokana na madini ya manganisi?

Bakteria huyo, anayeitwa Aurantimonas manganoxydans, huigeuza manganisi iliyoyeyuka majini kuwa chembe ngumu za rangi ya kahawia. Ghuba hiyo inamfaa. Mlangoni mwake kuna kizingiti chini ya maji kinachozuia maji mapya ya bahari kufika vilindini, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya chini hukosa oksijeni. Manganisi hukusanyika huko, na inapokutana na maji yenye oksijeni ndipo kazi ya bakteria huanza.

Jeni iliyoleta matumaini

Mwaka 1996 watafiti Ron Caspi, Margo Haygood na Bradley Tebo walieleza kwamba bakteria huyo ana jeni za rubisko. Hicho ndicho kimeng'enya ambacho mimea, kuanzia mgomba hadi mwani, hukitumia kuinasa kaboni dioksidi na kuiunganisha na sukari. Kutokana na hatua hiyo mmea hujenga mwili wake kwa nguvu ya jua.

Lakini gizani baharini hakuna jua. Ndiyo maana ugunduzi huo ulivutia: manganisi inapoungana na oksijeni hutoa nishati, ingawa kidogo. Iwapo bakteria huitumia nishati hiyo kuendesha rubisko, basi anajilisha mwenyewe kwa madini na hewa.

Hata hivyo, kuwa na jembe si ushahidi kwamba mtu amelima. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2008, ilionyesha jeni za kunasa kaboni, lakini pia jeni za kutumia vyakula vingine, ikiwemo misombo ya salfa na kaboni monoksidi. Rubisko yake yaweza kuwa inategemea nishati ya vyakula hivyo, si ya manganisi.

Jibu kutoka kwenye chupa chafu

Ushahidi wa kwanza wa viumbe wanaokua kwa nishati ya manganisi ulitoka mahali pasipotarajiwa. Jared Leadbetter, wa chuo cha Caltech huko California, aliacha chupa yenye mabaki ya manganisi ikiwa imejaa maji ya bomba, kisha akasafiri kwa miezi kadhaa. Aliporejea aliikuta imefunikwa na utando mweusi. Yeye na Hang Yu walikuza bakteria waliokuwemo, wakafuatilia kaboni iliyotiwa alama, na kuthibitisha kwamba ilijenga seli zao kwa nishati ya manganisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, zaidi ya karne moja tangu wazo hilo lilipotolewa.

Viumbe hao ni wa maji baridi, si wa baharini. Kwa hiyo swali la Saanich halijafungwa, na lina uzito wake: sakafu ya bahari imetapakaa mabonge ya manganisi ambayo kampuni za uchimbaji zinayamezea mate. Kabla ya kuyaondoa, ni haki kujua kama kuna uhai unaoyategemea. Jeni huonyesha kinachowezekana. Kinachotendeka hujulikana kwa kupima.