Vikeki vya nazi kwa mgeni wa Pasaka

Likizo ya Aprili ikifika, familia nyingi za Nairobi huteremka pwani, na baadhi yao hukodi nyumba Bofa, Kilifi, wakajipikia wenyewe. Mwezi huo huo, au mwishoni mwa Machi, Wayahudi huanza Pasaka yao. Je, msomaji mpenzi, jirani yako hapo Bofa akiwa Myahudi nawe umemwalika chai, utamwandalia nini? Mahamri? Chapati? Mkate wa kumimina? Vyote hivyo hatavigusa.

Pasaka hiyo huchukua siku 7 nchini Israeli, na siku 8 kwa wengi wanaoishi kwingineko. Ni ukumbusho wa mababu zao kutoka utumwani Misri kwa haraka, hata unga wao ukakosa nafasi ya kuumuka. Kwa hiyo hawali kilichochachuka cha ngano, shayiri au nafaka za jamii hiyo. Hata unga na maji matupu, vikikaa dakika 18 bila kuokwa, huhesabiwa vimekwisha kuchachuka. Mkate wao wa siku hizo, matza, ni mwembamba na mkavu, na huokwa mbio mbio.

Usidhani hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Kusanyiko la Wayahudi wa Nairobi lilianzishwa mwaka 1904. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, ambao dini yao ilianzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakawa wakisali kwa siri. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyo hiyo ndipo Pasaka ilipoanza. Kwao, habari ya kutoka utumwani si ya Misri peke yake.

Matza waachie wenyewe. Wewe una nazi, na Kilifi hazikosekani. Vikeki vya nazi visivyo na unga ni kitamutamu cha Pasaka kinachopendwa na Wayahudi wengi wa Ulaya na Marekani. Ni ndugu wa kashata yetu, ila hivi huokwa.

MAHITAJI
Nazi 1 kubwa iliyokomaa (vikombe 3 ikishakunwa)
Ute wa mayai 2
Sukari nusu kikombe
Chumvi kidogo
Ganda la ndimu 1, lililokwaruzwa

NAMNA YA KUTENGENEZA
Kuna nazi, wala usiikamue tui. Ikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo kwa dakika 10, ukigeuza isiungue. Iache ipoe.

Piga ute na chumvi mpaka utoe povu jeupe. Tia sukari kidogo kidogo huku ukipiga, kisha changanya nazi na ganda la ndimu. Paka sinia mafuta ya nazi, usinyunyize unga. Finyanga vidonge kama limau dogo, uvipange.

Oka kwa moto wa wastani dakika 20 hadi 25, mpaka vigeuke rangi ya dhahabu. Ukitumia jiko la makaa, funika sufuria na upalie moto, makaa mengi juu, machache chini. Vikitoka huwa laini; viache vipoe ndipo uvitoe.

TAHADHARI
Usitie hamira, beking pauda wala vanila ya chupa, kwa kuwa nyingine hutengenezwa kwa spiriti ya nafaka. Usitie siagi wala maziwa, ili mgeni aliyekula nyama naye aweze kuonja.

La muhimu zaidi, mweleze mgeni ukweli: ulitia nini, na sufuria hiyo hupikiwa nini siku nyingine. Mshika dini sana huenda asile chochote cha vyombo vyako. Usimshurutishe wala usinune, hajakudharau. Mkatie dafu, akalinywe papo hapo kwenye kifuu chake, na vikeki wale watoto.