Kwa Nini Watu Hupotea Ndani ya Meli Iliyozama

Ukipiga mbizi kwenye maji ya wazi na mambo yakaharibika, jibu liko juu ya kichwa chako. Unapanda, polepole kadiri unavyoweza, mpaka uone jua. Ukishaingia ndani ya meli iliyozama, jibu hilo halipo tena. Juu yako kuna dari ya chuma. Kwanza utafute mlango, halafu ndiyo upande.

Chukua mfano wa Spiegel Grove, meli ya zamani ya jeshi la majini la Marekani yenye urefu wa mita 155 hivi. Ilizamishwa makusudi mwaka 2002 karibu na Key Largo, Florida, iwe makazi ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Machi 2007 watu wanne walishuka pamoja. Hawakuwa wanagenzi. Waliingia ndani sana bila kutandaza kamba ya kuwarudisha, na watatu kati yao walikufa. Unajiuliza: watu wazima, wana tochi, wanapoteaje kwenye kitu chenye milango?

Hebu tuanze na tope. Meli ikikaa chini miaka kadhaa, sakafu zake hufunikwa na vumbi laini kuliko unga wa sembe. Pezi moja likipiga vibaya, vumbi lote linainuka. Na hata ukiogelea kwa ustadi, mapovu unayotoa yanapanda, yanagonga dari na kuangusha kutu. Sasa fanya hesabu. Kwa kanuni ya Stokes, punje ya tope yenye upana wa maikromita 10 huzama kwa kasi ya karibu sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sekunde. Ili ishuke mita moja tu inahitaji takriban saa tatu! Huwezi kusubiri itulie. Tochi nayo inazidisha shida, maana mwanga unagonga punje na kukurudia machoni, kama taa kali za gari kwenye ukungu wa Limuru.

"Nitatumia dira," utasema. Sawa, ila dira inafuata sumaku ya dunia, na wewe umezungukwa na maelfu ya tani za chuma. Sindano itakuonyesha ukuta ulio karibu, si kaskazini. GPS usiitaje kabisa, mawimbi yake hayapenyi maji ya chumvi.

Halafu meli nyingi zimelala ubavu. Mlango unageuka kuwa shimo sakafuni, ngazi inakuwa rafu ukutani, na korido unayoijua kwenye ramani huitambui tena. Spiegel Grove yenyewe ililala ubavu mpaka Julai 2005, kimbunga Dennis kilipoisimamisha. Fikiria mtu aliyekariri vyumba vyake ikiwa imelala, akarudi na kuikuta wima. Gizani, ukiwa unaelea, hata juu na chini vinachanganyika; mpiga mbizi aliyefunzwa hujisikilizia mapovu yake yanapita upande gani wa shavu. Na kuna mtego mwingine ambao mimi naona ndio wa kikatili zaidi: dirisha la duara linaloingiza mwanga wa jua. Unalikimbilia, unafika, kumbe mwili wenye mtungi mgongoni haupiti.

Hayo yote yangevumilika kama hewa ingekuwa nyingi. Mtungi wa kawaida wa lita 12, ukijazwa hadi bar 200, una hewa ya lita 2,400 hivi. Mtu mtulivu juu ya maji anatumia kama lita 20 kwa dakika, yaani angekaa saa mbili. Lakini kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne, na kila pumzi inameza hewa mara nne: lita 80 kwa dakika. Saa mbili zimekuwa nusu saa.

Wanaoingia kwenye meli hufuata kanuni ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya dharura. Theluthi ni lita 800, dakika 10. Umeenda dakika 10, unageuka, huoni kitu. Moyo unadunda. Mtu mwenye hofu anaweza kupumua lita 50 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji, sawa na lita 200 kule chini. Zile lita 1,600 zilizobaki, ambazo zilionekana nyingi, ni dakika 8. Safari ya kurudi ni dakika 10. Ongeza na nitrojeni, ambayo kuanzia kina hicho huanza kulevya ubongo kidogo kama pombe.

Ndiyo maana kamba nyembamba inashinda vifaa vyote vya bei. Inafungwa nje kwenye maji ya wazi, inafungwa tena ndani ya mlango, kisha kwenye kila kona, ikiwa imekazwa. Tope likiinuka, unaizungushia vidole na kuifuata hukuhuku ukipumua kawaida. Ina masharti yake: kingo za chuma chenye kutu huikata, na ikilegea inaweza kuteleza hadi kwenye mwanya ambao kamba inapita lakini wewe hupiti.

Hata kutoka mlangoni si mwisho. Oktoba 1992, nje ya pwani ya New Jersey, baba na mwanawe walishuka mita 70 hivi kwenye manowari ya Kijerumani ambayo wakati huo haikujulikana jina (mwaka 1997 ilithibitishwa kuwa U-869). Kijana aliingia ndani, kabati likamwangukia, tope likafunika kila kitu. Baba alimnasua. Walitoka, lakini muda waliojipangia ulikuwa umepita, wakapanda moja kwa moja bila vituo vya kuitoa nitrojeni mwilini taratibu. Ni kama kufungua soda iliyotikiswa, ila mapovu yanatokea ndani ya damu. Wote wawili walikufa.

Huku kwetu, nje ya Mombasa, kuna MV Dania, meli ya kubebea mifugo iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kwenye kina cha mita 30 hivi. Cheti cha kwanza cha kupiga mbizi kwa kawaida kinaishia mita 18, na hakifundishi kuingia ndani ya meli. Ukishapata cha kufika huko, izunguke kwa nje. Samaki unawaona vizuri tu.