Kivuli cha Ivuna, barafu ya Mlima Kenya

Ivuna, kwenye bonde la Ziwa Rukwa mkoani Songwe, jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Kati ya tarehe hizo, mvua zikiwa zimetawala, jua huelemea kusini na kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini. Miezi mingine yote hugeuka. Mti mnyoofu uliosimikwa uwanjani unatosha kulithibitisha hilo.

Takriban kilomita 1,000 kaskazini-mashariki, mwendo huohuo wa jua ndio unaoamua barafu ya Mlima Kenya itashika ukuta upi, na mpandaji aukwee upande gani asiuawe na mawe. Mlima ule umekaa karibu kabisa na ikweta, hivyo mwaka wake umegawanyika nusu kwa nusu. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua liko kaskazini. Kwenye ardhi tambarare tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye ukuta wenye mwinamo wa nyuzi 60 unaotazama kusini, mwezi Juni miale ya adhuhuri huupapasa kwa ubavu tu. Theluji iliyoanguka wakati wa mvua ndefu hubaki kivulini, ikiyeyuka kidogo mchana na kuganda tena usiku, mpaka inakuwa barafu ngumu.

Barafu ya namna hiyo ndiyo iliyolipa sifa Diamond Couloir, korongo linaloshuka upande wa kusini-magharibi kutoka Diamond Glacier, chini ya mwanya ulio kati ya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188). Phil Snyder na Thumbi Mathenge walilipanda kwa mara ya kwanza Oktoba 1973. Mwaka 1975 Yvon Chouinard na Michael Covington wakapita moja kwa moja kwenye ukuta wake wa juu, ambao unakaribia kusimama wima. Ningependa jina la Mathenge litajwe shuleni kwetu kama yanavyotajwa majina ya Wazungu waliotangulia vileleni.

Je, korongo kama hilo linaweza kuteremkwa kwa skii, kama makundi ya marafiki wanavyofanya kwenye milima ya Alps, Ulaya? Ni vigumu mno. Skii huhitaji theluji nene inayokubali kukatwa kwa ukingo wa ubao, na kwenye ikweta joto la mchana na baridi ya usiku huigeuza haraka kuwa kioo. Hata hivyo skii ziliwahi kufika kwetu: mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walizitumia Kilimanjaro, kwenye miteremko ya Kibo.

Kwenye milima ya theluji nyingi kama Alps, hatari kubwa kwa wanaoteremka kwa skii ni poromoko la theluji. Maporomoko mengi huanzia kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, ambao ndio hasa wateremkaji wanaoutafuta. Ukizidi hapo, theluji humwagika kidogo kidogo kabla haijarundikana. Kwa hiyo marafiki huteremka mmoja mmoja, wengine wakisubiri pembeni na kumkodolea macho, kila mmoja akiwa na kifaa cha redio kifuani, koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kupona akifukuliwa ndani ya dakika 15 hivi. Baada ya hapo hewa humwishia. Helikopta kwa kawaida haiwahi. Anayeokoa ni rafiki aliyekuwa akitazama.

Mlima Kenya, barafu yenyewe inakwisha, na hilo linaniuma. Lewis Glacier, iliyopimwa tangu 1934, ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kufikia 2010. Sehemu ya chini ya Diamond Couloir nayo mara nyingi hukosa barafu. Barafu ilikuwa gundi ya mawe yaliyopasuka. Ikiyeyuka, mawe huachia, na korongo hukusanya kila kinachoanguka kutoka kuta zake mbili. Ndiyo maana wengi wanaokwenda Batian na Nelion leo hufuata mwamba mkavu upande wenye jua: kuta za kaskazini Julai hadi Septemba, za kusini Januari na Februari.