Changarawe na Tairi la Milimita 40

Mkuyuni ni mahali pagumu kwa baiskeli. Barabara kuu inayotoka Mwanza mjini kwenda Shinyanga hupita hapo ikiwa imebanwa kati ya vilima vya mawe na Ziwa Viktoria, na katika ukanda huo mwembamba daladala, malori, bajaji na bodaboda vyote vinataka kupita kwa wakati mmoja. Mwenye baiskeli husogezwa mpaka ukingoni, pale lami inapomeguka. Akivumilia hadi Buhongwa, kisha Usagara, na akachepuka kuingia barabara za vijijini za Misungwi, mambo hubadilika: mashamba ya pamba na mahindi, ng'ombe wakivushwa, na gari moja moja tu. Je, wajua kwamba barabara za namna hiyo, ambazo sisi huzihesabu kuwa zinasubiri lami, huko Ufaransa watu huzitafuta kwenye ramani na kusafiri mbali kuzifuata, kwa sababu tu hazina magari?

Changarawe ina utaalamu mwingi kuliko inavyoonekana. Barabara nzuri ya changarawe si rundo la kokoto lililomwagwa na lori na kusawazishwa. Ni mchanganyiko wa kokoto, mchanga na udongo mfinyanzi kidogo, uliotiwa maji na kushindiliwa. Kokoto hubeba uzito, mchanga hujaza mianya, mfinyanzi hushika vyote pamoja. Mfinyanzi ukizidi, mvua ya kwanza inaleta utelezi. Ukipungua, kokoto hutawanyika na tairi halina pa kukamata. Wekundu wa moramu, changarawe ya barabara zetu, unatokana na chuma: katika nchi zenye joto na mvua, maji huyaosha madini mengine ya mwamba kwa muda mrefu sana na kuacha oksidi za chuma na alumini.

Maji nayo yana kazi yake. Utando mwembamba wa unyevu kati ya chembe na chembe huzivuta zikaribiane, ndiyo maana barabara iliyokuwa unga mtupu mwezi Agosti huwa imara siku mbili tatu baada ya mvua za Novemba. Kiangazi utando huo hukauka. Gari likipita kwa kasi linanyanyua vumbi, na vumbi hilo ndilo mfinyanzi uliokuwa ukishika kokoto. Mama anayefuta vumbi kwenye meza yake kando ya barabara anafuta barabara yenyewe, inayohama kidogo kidogo kuingia nyumbani kwake.

Halafu kuna yale mawimbi. Kila aliyepanda basi kwenye barabara ya vumbi anayajua: matuta madogo yaliyopangika kwa nafasi zinazolingana, yanayotikisa meno na kulegeza nati. Wengi hudhani ni kazi mbaya ya greda, au ni springi za malori zinazodundadunda. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio la wazi kabisa: meza ya mviringo inayozunguka, mchanga juu yake, na gurudumu dogo linaloviringika juu ya mchanga. Gurudumu halikuwa na springi yoyote, na mawimbi yakatokea vilevile. Walipojaribu mchanga wa aina mbalimbali, yalitokea. Walipoliondoa gurudumu na kuburuta kibao kilichoinama, yalitokea pia. Kilichoyazuia ni kitu kimoja, mwendo wa polepole. Chini ya kasi fulani mchanga unabaki tambarare. Juu yake, kila kijituta kinalirusha gurudumu, nalo likitua linachimba na kusukuma mchanga mbele, na gurudumu linalofuata linakuta tuta kubwa zaidi. Kwa magari ya kawaida kasi hiyo ya kuanzia ni ndogo mno, karibu na ya mtu anayekimbia polepole, kwa hiyo hakuna dereva atakayeikubali. Greda likipita leo, mawimbi yanaanza kujijenga upya siku hiyohiyo.

Uzito nao una hesabu yake ya kutisha. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi waliendesha malori kwa zamu kwenye barabara za majaribio mpaka zikachoka. Kutokana na vipimo vyao ilitoka kanuni ya makadirio ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo: madhara kwa barabara hukua kwa kipeo cha nne cha mzigo ulio juu ya ekseli. Ekseli ikibeba mara mbili, barabara inaumia mara 16. Sasa chukua ekseli ya lori yenye tani 8 na gurudumu la baiskeli lenye kilo 50. Uzito umezidi mara 160, lakini ukipiga kipeo cha nne unapata zaidi ya mara milioni 600. Kanuni ilipimwa kwenye lami na zege, kwa hiyo kwenye changarawe tuichukue kama kielelezo tu. Hata hivyo inaonyesha ukubwa wa tofauti: njia ya changarawe inayopitwa na baiskeli na watembea kwa miguu, adui yake halisi ni maji ya mvua, si watumiaji wake.

Sasa tuitazame baiskeli yenyewe, maana hapa ndipo Kanda ya Ziwa inapostahili heshima isiyopewa. Madukani Ulaya leo kuna aina mpya ya baiskeli inayouzwa kwa bei ya juu kwa ajili ya changarawe. Inatofautiana na ya mbio za lami hasa kwa tairi: badala ya milimita 25 au 28, inavaa tairi la milimita 40 hivi. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote Mkuyuni au Igoma, pindua ile Phoenix nyeusi inayosubiri kuzibwa pancha, usome ubavuni mwa tairi: 28 kwa inchi moja na nusu. Upana huo ni karibu milimita 40. Baiskeli ya mkulima wa pamba na mchuuzi wa dagaa ilikuwa na kipimo sahihi tangu zamani, pamoja na fremu ndefu, uma uliolala mbele, na keria ya chuma inayobeba gunia. Inachokosa ni gia na wepesi, kwa sababu ina karibu kilo 20.

Kwa nini tairi pana? Kwenye lami laini, tairi gumu hukimbia vizuri. Kwenye kokoto, tairi gumu halizami juu ya jiwe, bali huinyanyua baiskeli pamoja na mwili wote wa mwendeshaji, na nguvu aliyoitia kwenye pedali inapotelea katika kutikisika. Tairi pana lenye upepo wa wastani hulimeza jiwe, na chombo kinaendelea mbele. John Boyd Dunlop aliliona hilo huko Belfast mwaka 1888 alipopata hataza ya tairi la upepo. Huko Saint-Étienne, Ufaransa, Paul de Vivie aliwahubiria wasomaji wa jarida lake kwa miaka mingi juu ya gia nyingi na matairi mapana, wakati wenye mbio walikuwa wakimcheka. Ningependa vijana wetu wanaojaza upepo mpaka tairi linalia kama ngoma walijue hili kabla ya kuondoka kwenda kijijini.

Ardhi ya Usukuma inamtaka mwendeshaji aijue kwa macho. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio kutoka kilele hadi bondeni, na kwamba mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Wasukuma walikuwa tayari na majina ya kila ngazi. Juu kuna mawe ya matale. Chini yake luseni, mchanga uliotokana na mawe hayo. Chini zaidi itogolo, unaokauka ukawa mgumu. Na bondeni kabisa mbuga, udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwa baiskeli, luseni ya kiangazi inazamisha gurudumu, na mbuga ya masika inajaza madigadi mpaka gurudumu lisizunguke. Njia tamu ni ile inayokaa katikati ya mteremko, na ukizichunguza njia za zamani za miguu kuelekea Ukiriguru utaona nyingi zimekaa hapo.

Wafaransa walilazimika kuzitengeneza njia zao. Mwaka 1997 walifungua njia ya baiskeli kati ya Givry na Cluny, Burgundy, juu ya tuta la reli iliyokufa. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo baiskeli nayo inapanda bila jasho. Kando ya mfereji wa Nantes hadi Brest, njia za farasi waliokuwa wakivuta mashua zimekuwa za baiskeli kwa zaidi ya kilomita 350. Kwetu upepo huo umefika kwa sura ya mashindano: tangu 2021 kuna mbio za changarawe za siku nne huko Maasai Mara, Kenya, zilizoasisiwa na mradi wa waendesha baiskeli uitwao Amani, ambao nahodha wake Sule Kangangi alifariki mwezi Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani.

Mimi sioni sababu ya kungoja mashindano. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na magari yaliyokuwa yakipanga foleni ya kivuko sasa yanapita moja kwa moja. Lami inazidi kusogea, na ni haki ya wananchi kuipata. Ombi langu kwa halmashauri na TARURA ni dogo: pale lami inapojengwa, njia ya zamani ya pembeni isifukiwe wala kugeuzwa maegesho. Iachiwe mita mbili, iinuliwe mgongo kidogo ili maji yashuke pande zote, ichimbiwe mtaro, na ifungwe kwa nguzo mbili za zege zinazoruhusu baiskeli, mkokoteni na mwenye ndoo kichwani, lakini si gari. Kazi ya kushindilia ifanywe mwanzoni mwa mvua za vuli, changarawe ikiwa na unyevu wake.