Jina la Baba na Jina la Kilima: Utafutaji wa Nasaba kutoka Skandinavia hadi Gitaza

Mwaka 1825 meli ndogo iitwayo Restauration iling'oa nanga Stavanger, nchini Norwe, ikiwa na wasafiri 52 waliokuwa wakielekea Marekani. Katika miaka mia moja iliyofuata, Wanorwe wapatao 800,000 na Waswidi zaidi ya milioni moja waliifuata njia hiyo. Wajukuu wao wanaotafuta asili yao hukwama mapema, na kinachowakwamisha ni jina.

Katika vijiji vya Norwe ya wakati ule jina la ukoo la kurithiwa lilikuwa adimu. Ole aliyezaliwa na Hans aliitwa Ole Hansen. Mwanawe Lars akawa Lars Olsen, na bintiye Anna akawa Anna Olsdatter. Baada ya jina la baba lilifuata jina la shamba, nalo lilibadilika mtu alipohamia shamba jingine. Sheria ya kuwataka watu wawe na jina la kudumu ilitungwa mwaka 1923. Huko Marekani, ndugu wa tumbo moja waliweza kuchagua, huyu jina la baba, yule jina la shamba, hata wajukuu wao wasijue kuwa ni jamaa. Ndiyo maana mtafiti mzoefu haanzi na jina. Huanza na parokia na shamba, ndipo afungue daftari la ubatizo, kisha orodha za wahamaji ambazo polisi wa Kristiania walianza kuziandika mwaka 1867. Hata hapo inampasa akumbuke kwamba Kristiania ndiyo Oslo ya tangu 1925.

Kwa mkazi wa Gitaza, kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, haya si mageni. Mswahili wa Rumonge hujitaja kwa jina lake, la babaye na la babuye, akiunganisha kwa "bin". Mrundi naye hupewa jina lake mwenyewe: pacha ni Bukuru na Butoyi, mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani. Ndugu watatu huwa na majina matatu yasiyofanana. Kinachowaunganisha ni jina la baba, ukoo na kilima.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika baada ya mwaka 1972. Uasi uliozuka Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili, na mauaji ya halaiki yaliyofuata, yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baadhi ya Warundi baadaye walihamia Marekani, wengine Norwe, Swideni na Denmark. Huko afisa huwauliza jina la ukoo, naye pengine hajui kwamba babu wa babu yake mwenyewe hakuwa nalo. Jibu lolote litolewalo, hata likiwa la kubahatisha, huwa jina la watoto wote watakaozaliwa.

Mwambaoni, nasaba ni suala la ardhi. Anayerudi kudai shamba la michikichi la babu yake hutakiwa kuonyesha kwamba ni mjukuu kweli, na tangu mwaka 2006, ilipoundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, madai ya namna hiyo yamekuwa mengi. Kitambulisho cha Burundi kina jina la baba, la mama na mahali pa kuzaliwa. Kwa maoni yangu ni karatasi yenye hekima kuliko fomu nyingi za ughaibuni. Lakini mahali nako huhama. Tarafa ya Muhuta, iliyo na Gitaza, ilikuwa katika Bujumbura Vijijini hadi mwaka 2015, ikaingia mkoa mpya wa Rumonge. Mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi ikapunguzwa kuwa mitano.

Kwa hiyo wanaounda sasa daftari za kidijitali za raia na za wakimbizi watenge nafasi ya jina la baba na la babu, kila moja peke yake, wala wasiyalazimishe kuwa jina la ukoo. Kilima kiandikwe pamoja na tarafa na mkoa kama vilivyoitwa mwaka mtu alipozaliwa, na majina mapya yaongezwe kando bila kufuta ya zamani. Kazi hii ianze na wazee wa Ulyankulu na Mishamo, ambao bado wanaweza kutaja kilima walichokiacha na mashamba yaliyopakana na lao.