Upepo wa Saa Nane

Mvua inayonyesha Mlima Elgon haina njia moja ya kuteremka. Ile inayoangukia ndani ya kasoko huzaa Mto Suam, ambao huelekea kaskazini, hugeuka Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Inayoangukia upande wetu wa Kitale, Kimilili na Bungoma huingia Mto Nzoia, hukutana na maji ya milima ya Cherangani, hupita maporomoko ya Nabuyole pale Webuye, na kumalizikia Ziwa Victoria karibu na Port Victoria, kaunti ya Busia. Kwa hiyo sisi watu wa Trans Nzoia na Bungoma tunaishi katikati ya maziwa mawili makubwa, kila moja na upepo wake, na wengi wetu huzeeka bila kulowesha hata kifundo cha mguu katika lolote kati ya hayo mawili.

Mimi hushona turubai hapa Kitale. Nashona za malori yanayoteremka Lodwar, za kuanikia mahindi wakati wa mavuno, na mahema ya harusi na mazishi. Kupitia kazi hiyo nilijiunga na marafiki kadhaa wa Kitale na Bungoma ambao wikendi huenda ziwani kucheza na upepo. Kuna mwalimu wa jiografia aliyewahi kufundisha pwani na kujifunza mchezo huu Diani, fundi wa baiskeli wa Bungoma, dereva wa lori, na muuguzi ambaye sote tunamwita Dada. Vifaa vyetu ni vikuukuu, na tulivinunua kwa michango ya chama, jinsi wengine wanavyochangia ng'ombe wa maziwa au tangi la maji. Ubao wa kwanza ulisafiri kutoka pwani ukiwa umefungwa juu ya shehena ya lori.

Mtu akisikia habari za kuteleza juu ya maji kwa upepo hufikiria watalii na hoteli za Diani, au Che Shale kule kaskazini mwa Malindi. Ni kweli pwani ina upepo wa kutegemewa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na Kusi hushika zamu katikati ya mwaka. Lakini Ziwa Victoria nalo lina ratiba yake, na aliyetufundisha kuisoma ni mvuvi mzee wa Bunyala ambaye bado anatumia tanga wakati wenzake wengi wamehamia injini.

Siku moja tulifika ufuoni asubuhi, tukayakuta maji yametulia kabisa. Mwalimu akamsalimu, kisha akamuuliza, "Mzee, leo kuna upepo kweli?"

"Wanangu, mnataka nini na upepo saa hizi? Nchi haijapata moto. Kunyweni chai. Saa nane utakuja wenyewe."

Na ulikuja. Sababu yake ni rahisi ukielezwa. Jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi ikishapata moto hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa haraka, ziwa hubaki na joto lake, na upepo hutoka bara kwenda majini. Kwa hiyo mvuvi wa tanga hutoka alfajiri upepo ukimsukuma mgongoni na kurudi mchana ukimsukuma tena mgongoni. Ziwa la ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 lina nguvu ya kujitengenezea hali yake ya hewa. Hata zile mvua za alasiri zenye radi na mawe zinazotupiga Bungoma na Kakamega kwa sehemu kubwa huzaliwa pale upepo wa ziwani unapokutana na upepo unaotoka mashariki juu ya nyanda zetu. Mama anayeanua nguo mbio saa kumi kule Webuye anaukimbia upepo ambao sisi tulikuwa tunaungoja ufuoni.

Michezo yenyewe ni mitatu, na mtu aliyezoea kazi ya mikono haoni uchawi ndani yake.

Wa kwanza ni ubao wa tanga. Unasimama juu ya ubao, mbele yako kuna mlingoti wenye tanga, na unashika bomba lililopinda linalolizunguka tanga pande zote mbili. Hakuna usukani. Siri iko chini ya mlingoti, kwenye kiungo kinachouruhusu ulale upande wowote. Ukiuinamisha mbele, ubao hugeuka kuuacha upepo. Ukiuvuta nyuma, ubao huelekeza uso kwenye upepo. Mmarekani Newman Darby alichapisha mchoro wa ubao wa tanga mwaka 1965, na mwaka 1968 Wamarekani wengine wawili, wa California, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, wakaomba hataza ya chombo chenye kiungo hicho. Mwaka 1984 mchezo ukaingia Olimpiki kule Los Angeles.

Wa pili ni kishada. Hapa tanga limeondolewa kwenye ubao na kurushwa angani, limefungwa kwa kamba za mita ishirini na kitu, nawe umejifunga mkanda kiunoni na kushika fimbo ya kukiongoza. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza mwaka 1984 ya kishada chenye mrija wa kujazwa hewa, ambacho kikianguka majini huelea na kuweza kuruka tena. Bila mrija ule mchezo huu usingefika mbali.

Wa tatu, foili, ndio unaonivutia zaidi, maana ndio unaofaa ziwa letu. Chini ya ubao kuna mguu mrefu karibu mita moja, na mwishoni mwake kuna bawa dogo linalopita ndani ya maji. Ubao ukishika kasi, bawa huunyanyua mzima hewani, ukabaki bawa peke yake majini. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, ndiyo maana bawa dogo vile hubeba mtu mzima. Msuguano hupungua, na kelele za mawimbi kugonga ubao hukatika ghafla. Upepo wa Ziwa Victoria mara nyingi ni wa wastani, tena tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Tanga linalokutosha Diani hapa huona njaa. Foili huondoka hata kwa upepo mdogo ambao ungemwacha mwenye ubao wa kawaida amesimama. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024, ambayo mashindano yake ya matanga yalifanyika Marseille, mbao za tanga zote zilikuwa za foili, na kishada kikaingia kwa mara ya kwanza, nacho kwa foili.

Kishada chetu kilinunuliwa kikiwa kimechanika kwenye ukingo wa mbele, kikaletwa moja kwa moja dukani kwangu. Kitambaa chake ni chembamba kuliko chochote ninachoshona, lakini kina nyuzi nene zilizofumwa kwa vijimiraba ili mpasuko ukifika kwenye uzi mnene usimame. Nilikiosha chumvi ya pwani kwa maji safi, nikakianika kivulini, nikakutanisha kingo za mpasuko juu ya meza na kuzifunga kwa utepe wa gundi pande zote mbili. Kisha nikapitisha mshono wa zigizaga kwa sindano nyembamba. Ukitumia sindano ya turubai unatoboa mstari wa matundu, na kitambaa kitachanika hapohapo kama karatasi ya daftari. Uzi ni wa poliesta, kwa sababu wa pamba hunywa maji ukaoza. Mrija wa hewa nilimwachia fundi wa baiskeli. Aliutia kwenye karai la maji, akatafuta mapovu kama anavyofanya kwa tyubu ya bodaboda, lakini solusheni ya tyubu ilikataa kushika plastiki ile, ikabidi tutafute kiraka cha plastiki ya aina ileile na gundi yake. Kilikaa, na kishada kikaruka.

Upepo wa saa nane una fadhila moja kubwa: unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Ukianguka, kamba zikikusokota au mlingoti ukivunjika, unasukumwa kurudi ufuoni. Ndiyo sababu hatuingii majini asubuhi, wakati upepo wa bara unaweza kukupeleka katikati ya ziwa, au ukakuvusha hadi upande wa Uganda kwenye ghuba ya Berkeley, ukaanza kujieleza kwa askari huku unatetemeka. Tukiona wingu jeusi limeinuka upande wa ziwa, au tukisikia radi, tunakunja vitu na kuondoka. Hakuna anayebembelezwa aendelee. Wavuvi wengi wamepotea kwa dhoruba za ziwa hili, na walikuwa wanalijua kuliko sisi.

Nyavu nazo ni jambo zito. Mguu wa foili hukata uzi wa wavu bila mwenyewe kujua, na wavu ule ni karo ya mtoto wa mtu. Kila tukifika tunapita kwanza kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, zile BMU ambazo sheria imezipa jukumu la kusimamia fuo za uvuvi, tunauliza nyavu zimetegwa wapi na viboko wameonekana wapi. Gugumaji likiwa limeletwa na upepo, hatuingii kabisa. Halafu kuna kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na huwezi kuvihisi. Dada hutupeleka sote kupimwa, na anayekutwa navyo hupewa dozi ya praziquantel. Hakubali mtu aseme yeye ni mzima kwa sababu anajisikia mzima.

Dereva wetu, ambaye barabara ya Lodwar anaijua usiku na mchana, hutusukuma kila mara twende Turkana, na moyo wangu uko upande wake. Kule upepo ni wa namna nyingine. Hewa inayotoka Bahari ya Hindi hubanwa katikati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, ikapita kwa kasi kwenye mlango huo. Mwaka 1982 wanasayansi Kinuthia na Asnani walichapisha utafiti uliouonyesha upepo huo kuwa mkondo kamili unaojitegemea. Nguvu zake huwa kubwa usiku na asubuhi. Karibu na Loiyangalani kuna mitambo 365 ya kufua umeme inayotegemea upepo huo, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019.

Lakini Loiyangalani iko ufuo wa mashariki, na upepo unatoka kusini mashariki. Unakusukuma ndani, kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250, lenye mamba wengi. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Kwa sababu hiyo tumekubaliana kwamba tukienda Turkana tutakwenda ufuo wa magharibi, Eliye Springs au Kalokol, ambako upepo huohuo huelekea nchi kavu, na hatutatia ubao majini kabla wavuvi wa huko hawajatuonyesha mahali pasipo na mamba.

Najua kuna watakaosema vijana wa Bungoma wana shida kubwa kuliko kishada. Shida ninaziona, maana wengi hupita dukani kuomba kibarua. Lakini nimewaona pia wakiingia ziwani kwa woga, wakatoka na swali baada ya swali kuhusu mawingu, joto na nguvu za upepo, mambo ambayo darasani waliyakariri tu. Na ninaona tanga likipotea ufuoni kila mwaka, wakati petroli inapanda bei na wavuvi wengine wanalala ufuoni kwa kukosa mafuta. Ujuzi wa kupeleka mtumbwi kwa tanga, na hasa wa kubisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo hadi ufike unakotaka, uko mikononi mwa wazee wachache. Vijana wanaoteleza kwa foili wanautafuta ujuzi huohuo bila kujua kwamba mwalimu amekaa hatua chache kutoka hapo, akitengeneza wavu.

Mwezi uliopita mzee wa Bunyala aliniletea tanga lake nilitazame. Limeungwa kwa vipande vya turubai na magunia ya plastiki, na limetanuka katikati hadi halishiki upepo wa ubavuni. Nilipima foromali na mlingoti kwa kamba, nikaandika vipimo kwenye kiganja. Nitalikata jipya lenye tumbo mbele kidogo, karibu na foromali, jinsi matanga ya mbao zetu yalivyokatwa, ili mtumbwi ubishe vizuri zaidi. Hela ya ushonaji nimeikataa. Nilichoomba ni awachukue vijana wawili wa Bungoma likizo ya Aprili, awafundishe kuendesha mtumbwi kwa tanga.

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Waje. Lakini wakija hawajui kuogelea, nitawarudisha na matatu ileile."

Wawili hao wameanza mazoezi kwenye bwawa la hoteli moja mjini Bungoma, kila Jumamosi asubuhi, ada ikitoka kwenye chama.