Wewe mpishi, kila jiko lina madhara yake

JE, ulianza kazi katika kibanda cha chai, ukahamia kwenye chipsi, na sasa unahudumu katika mkahawa mkubwa mjini? Basi huenda kila ulipohama ulibeba mengine zaidi ya ujuzi.

Kibandani adui ni moshi. Jiko la makaa likiwaka katika chumba kisicho na dirisha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikiwa kichwa hukuuma kila siku ukiwa kazini, kisha ukapata nafuu ukitoka nje, usikimbilie vidonge. Toa jiko nje au fungua mahali pa kupitishia hewa.

Kwenye chipsi, jihadhari na karai la mafuta. Watu wengi wakiungua hupaka dawa ya meno au unga. Usifanye hivyo. Weka mahali palipoungua chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja chako, au likiwa usoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe weita, utaumwa na miguu. Kusimama kutwa huifanya mishipa ya damu ivimbe na kutokeza kama kamba. Vaa viatu vya kisigino kifupi, na ukifika nyumbani lala ukiwa umeinua miguu juu ya mto. (Wenye mikahawa wanaowalazimisha wasichana kuvaa visigino virefu wangevijaribu wao kwanza!)

Lakini lipo jambo kubwa kuliko hayo, nalo halikudhuru wewe peke yako. Ni kuhara na homa ya matumbo.

Viini vya homa ya matumbo vinaweza kubaki katika kifuko cha nyongo cha mtu aliyepona, naye asihisi lolote. Mary Mallon, mpishi wa New York, alikuwa hivyo. Alitengwa mwaka 1907, akaachiliwa mwaka 1910 baada ya kuahidi kutopika tena. Hakuwa na kazi nyingine yenye mshahara kama huo, akarudi jikoni kwa jina la bandia. Mwaka 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya akina mama ambako watu 25 walikuwa wameugua. Ni rahisi kumlaumu, lakini jiulize ungekula nini ukiambiwa uache kazi.

Ndiyo sababu hapa Kenya anayeshughulikia chakula hupimwa na kupewa cheti cha afya kila baada ya miezi sita. Ukinunua cheti bila kupimwa umenunua karatasi tu. Na hata cheti halali hakikulindi ukianza kuhara wiki ijayo. Ukihara au kutapika, usiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu hali hiyo ikome. Ukiambiwa ni homa ya matumbo, usirudi jikoni hadi choo chako kipimwe na daktari akuruhusu.

Najua utasema: "Nikikosa siku moja, sina mshahara." Wengi huficha tumbo linalowasokota kwa sababu hiyo, na wateja huumia. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka. Hata kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi anaweza kuhesabiwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi.

Mwajiri hulipa akiona cheti cha daktari. Kwa hivyo kiombe kabla hujatoka hospitalini, mjulishe mkubwa wako mapema iwezekanavyo, na uweke nakala nyumbani.